Ombi la Kuchaguliwa Kadi ya Theluji na Serikali ya Kaunti

Ofisi ya Karani wa Kaunti,
Dirisha la Tatu,
Corliss, Colorado.
Alhamisi, 28 Agosti

Waheshimiwa Makamishna Watatu,
Bodi ya Kaunti ya Bellwether,
Ghorofa ya juu, jengo hili hili.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUCHAGULIWA KADI YA MSIMU WA THELUJI

Husikeni na somo la hapo juu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kelele za mashine ya kunakili, iliyo chini kabisa ya miguu yenu na ambayo mwendeshaji wake ni mimi, hazijawasumbua wiki hii. Kama zimewasumbua, naomba radhi kabla sijaanza, ili nikishaanza niwe na kosa moja tu la kuombea radhi.

Naitwa Desmond Archuleta, umri wangu miaka ishirini na minne. Dirisha la tatu hutoa leseni za ndoa na leseni za mbwa. Nimeajiriwa tangu Machi kwa majaribio, na barua ya kunithibitisha kazini itasainiwa, au haitasainiwa, tarehe thelathini Septemba. Sijawahi kuiandikia mamlaka yoyote. Hii ni rasimu ya tisa. Nane za kwanza zilikuwa na maneno makali kama vile "ninasikitika," nami nimeyapunguza.

Ombi langu ni fupi, ila sababu zake ni ndefu. Naomba Bodi itunge sheria ndogo ya kumchagulia kila mkazi mtu mzima wa kaunti hii kadi yake ya msimu ya kuteleza kwenye theluji milimani, ama ya buluu ama ya machungwa, kama inavyomchagulia siku ya kwenda kuketi kwenye baraza la wazee wa mahakama. Naomba pia sheria hiyo ianze kazi kesho kabla ya saa kumi na moja jioni. Malalamiko yanayonifikisha hapo nayaorodhesha.

1. Kadi hizi huuzwa wakati hakuna anayejua anachokinunua. Mauzo huanza Aprili, theluji ya zamani ikiwa bado inachuruzika kwenye mabati, na bei hupanda mara ya mwisho baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Septemba, yaani Jumatatu hii. Kwa hiyo mtu mwenye akili zake hutakiwa kuapa, akiwa na kaptura na kipande cha tikitimaji mkononi, ni mlima gani atakaokuwa juu yake Januari. Wanaokuja dirishani kwangu kuchukua leseni ya ndoa angalau wameshaonana. Hata wanaosajili mbwa huja na mbwa. Msimu ujao wa baridi hakuna aliyeuona, na mwaka juzi, kama mnavyokumbuka, ulifika ukiwa umechelewa, ukakaa wiki sita, ukaondoka bila kuaga.

2. Masharti yake hayalinganishiki. Mimi ni mtu wa majedwali, basi nikatengeneza jedwali. Lilianza na ukurasa mmoja, na sasa lina kurasa kumi na moja na faharasa. Ya buluu inakupa Mlima Hatchet na ndugu zake wote siku yoyote unayotaka, isipokuwa siku zilizofungwa. Nimezihesabu siku zilizofungwa. Ni zile zile ambazo kaunti inanipa mapumziko, na sitaki kumfikiria mtu vibaya, lakini hata mwenye nia mbaya asingeweza kupanga vizuri zaidi. Ya machungwa haina siku iliyofungwa, ila inakupa Mlima Perdita kwa kuweka nafasi wiki moja kabla, na kila mlima mwingine kwa siku tano tu. Milima mingine yenyewe iko hamsini, katika nchi kumi na moja. Kwa jedwali langu, mwenye kadi ya machungwa ana haki ya kuteleza siku tano Japani. Likizo yangu ya mwaka mzima ni siku tano. Nikienda Japani nitatua, nitateleza, na nitakuwa nimemaliza haki zangu zote duniani kwa mkupuo mmoja.

3. Sheria ya Inchi Nane. Sheria hii waheshimiwa mnaijua, kwa kuwa asubuhi hizo na ghorofa yenu huwa kimya. Kwenye friji ya jikoni kwetu kuna karatasi iliyoandikwa kabla sijazaliwa: "Theluji ikianguka inchi nane, tunafungua saa saba mchana." Wananchi hawajawahi kuilalamikia, maana nao wako mlimani. Kasoro ya karatasi hiyo ni moja tu, nayo ndiyo iliyoniharibia mwaka: haisemi inchi nane za wapi.

Hatchet uko kaskazini, Perdita uko magharibi. Wingu linalomwaga kwenye Hatchet hufika Perdita likiwa limechoka, na linaloanzia Perdita huupita Hatchet kwa mbali kama lina ugomvi nao. Baada ya miaka ya kununiana, ofisi ilikubaliana hivi: kila mwaka, Ijumaa ya mwisho kabla ya Sikukuu ya Wafanyakazi, kila mfanyakazi aandike jina lake kwenye friji chini ya rangi ya kadi yake. Rangi yenye majina mengi ndiyo yenye mlima wa ofisi. Ule mti wa kupimia theluji uliosimikwa juu ya mlima huo, tunaoutazama kwa kamera kila alfajiri, ndio unaotufungulia au kutufungia mlango majira yote ya baridi.

Kwa miaka kumi na tisa mti huo umekuwa wa Hatchet. Watu wa machungwa wamekaa madirishani wakiutazama Perdita kwenye simu zao, inchi kumi na mbili, kumi na nne, hakuna alama hata ya sungura, huku wakigonga mihuri. Naambiwa Februari iliyopita Bwana Curtis Wojcik wa usajili wa magari alisajili trela la farasi huku machozi yakimlengalenga. Alisema ni mafua.

4. Dawati langu lina rangi. Mtu niliyerithi kiti chake, Bwana Orville Tansey, alistaafu Januari. Alikuwa wa buluu. Kwa kuondoka kwake ofisi imebaki na watatu wa buluu na watatu wa machungwa, na mtu mmoja ambaye bado hajaandika jina lake. Mtu huyo ni mimi. Sikuwahi kuomba kuwa mizani. Tangazo la kazi lilisema "awe na mwandiko mzuri na uvumilivu na mbwa."

Bi Marlene Haugen, Karani wa Kaunti na mkuu wangu, amenitendea mema ambayo siwezi kuyaorodhesha kwa namba. Wiki yangu ya kwanza mwananchi mmoja alinipigia kelele kwa sababu leseni ya mbwa wake ilikuwa na jina la mbwa mwingine. Bi Haugen alikuja akasimama nyuma yangu, alisimama tu mpaka yule bwana akashusha sauti. Tangu siku hiyo ninajua mgongo wenye mtu nyuma yake unavyojisikia. Ana goti moja jipya na jingine la zamani, na anasema lile la zamani lina misimu miwili, mitatu ukilibembeleza. Asubuhi za inchi nane hupanda lifti ya viti ya kwanza ya Hatchet pamoja na dada yake, huteleza kushuka mara nne, hurudi kazini akiwa na mashavu mekundu, na siku hizo huwa hakatai ombi la mtu yeyote.

Hajanilazimisha. Nataka kumbukumbu zionyeshe hivyo. Alikuja dirishani kwangu mwezi wa Juni na chupa yake ya chai, akauliza habari za mama yangu, kisha akasema: "Mwanangu, mimi siwezi kumwambia mtu mzima anunue nini. Nakwambia tu dawati hilo halijawahi kuwa la machungwa." Akaligonga dawati mara mbili, taratibu, kama mtu anavyompigapiga farasi aliyezeeka, akaenda zake. Barua yangu ya kuthibitishwa iko mezani kwake, kwenye trei ya juu. Naiona kila ninapokwenda kuchukua gundi.

5. Bwana Wojcik, kwa upande wake, analazimisha. Ana miaka sitini na mbili na hajawahi kuwa mwenye furaha kama kiangazi hiki. Kila Jumatatu nakuta burito, chapati ya kukunja yenye pilipili ya kijani, juu ya kibodi yangu, imefungwa kwa karatasi ya rangi ya chungwa. Nilipomwambia kwa adabu kwamba kupokea zawadi kunaweza kukiuka kanuni za utumishi, alisema burito si zawadi, ni kifungua kinywa, na kwamba kanuni zimeandikwa na watu wa buluu. Amebandika stika ya Perdita kwenye baiskeli yangu, kwenye kofia yangu ya baiskeli, na, nimekuja kugundua, mgongoni mwa koti langu, ambalo nilikuwa nimelivaa kwenye mazishi ya jirani.

Aliniambia mbele ya wateja: "Kijana, ukienda kwa hao wa buluu utasimama kwenye foleni ya lifti mpaka uote ukungu. Halafu watakuuliza kama umefurahia." Mteja mmoja, bibi harusi, alikuwa wa buluu. Alimjibu kwamba foleni ya Hatchet ni ndefu kwa sababu kuna kitu cha kupangia foleni. Bwana harusi aliitazama stika ya Perdita kwenye kofia yangu kwa namna iliyonifanya niangalie fomu yao mara mbili. Walioana. Lakini waliondoka kwa magari mawili.

6. Hakuna njia ya katikati. Niliitafuta. Mwezi wa Julai nilisema jikoni, kwa sauti ya kawaida, kwamba kuna kadi ya tatu, ya njia za tambarare msituni, ambako mtu huteleza mwenyewe kwa miguu yake bila lifti na bila kushuka mlima wowote, na kwamba wako watu wanaoisifu.

Waheshimiwa, nilijuta papo hapo. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, buluu na machungwa walitazamana kama ndugu. Bwana Wojcik alisimama akaosha kikombe kilichokuwa safi. Bi Haugen aliuliza polepole kama kwetu kuna tatizo. Mtu wa tatu, ambaye sitamtaja, alisema mjomba wake naye alianza hivyo hivyo. Jioni ile nilikuta dawatini kipeperushi cha ushauri nasaha kwa watumishi, na hakikuwa na rangi yoyote.

7. Jambo hili limetoka nje ya ofisi. Daktari wangu wa meno aliniuliza "Mwaka huu wewe ni wa wapi?" akiwa ameshawasha mashine na vidole vyake vyote viko kinywani mwangu. Nilitoa sauti isiyo na rangi. Kinyozi aliniuliza, nikakohoa, akanikata zaidi upande wa kushoto. Majirani zangu, Bwana na Bibi Ellingboe, wana rangi tofauti na wamezoea kuachana Novemba na kurudiana Aprili, na kila mmoja amenijia kwa wakati wake kuniomba nisiongeze idadi ya upande wa pili mtaani kwetu. Hata mama yangu, aliyezaliwa bondeni kusini na ambaye huiita theluji "ile takataka," alinipigia simu kusema amesikia napiga kura. Nilimwambia si kura, mama, ni kadi. Alisema vyovyote iwavyo nisimwangushe yule mama aliyesimama nyuma yangu.

8. Lalamiko hili ningependa lisomwe kwa sauti ya chini.

Kwenye dirisha la tano, usajili wa hati za ardhi, yuko Bi Lupe Salcido. Mwisho wa msimu uliopita, Jumamosi tano mfululizo, alinipitia alfajiri kwa gari lake, mimi nikiwa na tiketi za siku moja moja kama mgeni. Nilikaa kiti cha nyuma kushoto, mbao zetu za kutelezea zikiwa zimelala kati yangu na mlango wa kulia. Sijui kuteleza vizuri. Yeye anajua. Hushuka mpaka nusu ya mteremko, husimama, hunisubiri, na nikifika nimejaa theluji masikioni huwa haniulizi kama nimeumia. Huniambia zamu hii nimeanguka vizuri kuliko ile ya kwanza. Njiani kurudi hula mbegu za alizeti na kusimulia hati za ardhi zenye makosa ya kuchekesha, na mimi nimegundua kwamba hati za ardhi zenye makosa zinachekesha sana, jambo ambalo chuo kikuu hakikunifundisha kwa miaka minne.

Lupe ni wa machungwa. Kule barabara kuu inakogawanyika, penye kituo cha mafuta, kulia ni Hatchet na kushoto ni Perdita, na gari lake halijapata kukata kulia. Wiki iliyopita alikuja dirishani kwangu wakati hakuna mbwa. Alisema kuna bwana wa idara ya upimaji, anaitwa Thaddeus, mwenye viatu vinavyojipasha moto vyenyewe, anayetafuta kiti kwenye gari lake msimu huu. Alisema angependa kumjibu ifikapo Ijumaa. Nilianza kumweleza kuhusu karatasi ya friji, na dawati, na goti la Bi Haugen, na trei ya juu. Nilimweleza na kuhusu jedwali. Alinisikiliza hadi ukurasa wa nne.

Kisha akasema: "Desi, mimi sikuombi uwe shujaa. Nakuomba uniambie nipite kwako au nisipite."

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Alisema sawa, akarudi dirisha la tano.

9. Viatu vinavyojipasha moto vyenyewe ni hatari kwa moto, na nashangaa idara ya zimamoto haijatoa tamko.

Waheshimiwa, mkiyapima hayo yote mtaona kwamba tatizo si mimi. Mtu mmoja hawezi kubeba asubuhi za watu sita. Nikiandika jina langu chini ya machungwa, mti unahama, na mwanamke aliyesimama nyuma yangu atazitumia asubuhi za mwisho za goti lake akigonga mihuri huku dada yake akipanda lifti peke yake. Nikiliandika chini ya buluu, Bwana Wojcik atasajili trela jingine la farasi kwa machozi, na gari fulani litakata kushoto likiwa na Thaddeus ndani. Wanasema mshika mbili moja humponyoka. Mimi naogopa hata kuonekana nimeshika moja.

Kwa hiyo napendekeza, kwa unyenyekevu na kwa mpangilio ufuatao:

Kwanza, Bodi ipige kura ya bahati kwa wakazi wote, kwa majina yaliyo kwenye daftari la wapiga kura, ambalo ninalo hapa na niko tayari kulikata vipande. Kila mtu apewe rangi yake kwa barua yenye muhuri. Atakayeulizwa na daktari wa meno ataonyesha barua.

Pili, kama hilo litaonekana kuingilia uhuru wa mtu, basi rangi itolewe wakati wa kuzaliwa na iandikwe kwenye cheti, karibu na uzito wa mtoto. Watoto hawana pingamizi, na wakikua watakuwa wameshazoea.

Tatu, kama wazazi watalalamika, leseni ya ndoa isitolewe kwa watu wa rangi mbili bila mashahidi wanne na mpango wa usafiri wa maandishi. Hili naweza kulianzisha dirishani kwangu hata leo.

Nne, kama wanasheria wa kaunti watakataa yote matatu, inchi nane zipimwe kwenye maegesho ya jengo hili, mahali ambapo si pa mtu. Natambua maegesho haya hayajapata inchi nane tangu yawekwe lami, maana yake hakuna atakayetoka tena asubuhi yoyote. Lakini tutabaki wote, na kwa usawa.

Tano, na hili nimeliweka mwisho kwa sababu lina gharama, kaunti ichimbe Mlima Hatchet na kuumwaga juu ya Mlima Perdita, ili uwe mlima mmoja wenye kadi moja, na njia panda ya kituo cha mafuta iwe barabara moja iliyonyooka. Nimeuliza idara ya ujenzi kwa simu, bila kutaja jina, itachukua muda gani. Waliuliza kama ni mzaha. Niliwaambia napiga simu kutoka ofisi ya Karani. Wakasema basi watafute kwanza mahali pa kuwaweka mbuzi wa milimani.

Sita, ikishindikana, majira ya baridi yaahirishwe mwaka huu hadi watu watakapopatana.

Lolote mtakaloamua nitalitekeleza, na kama ni amri, nitaomba nakala mbili zenye muhuri: moja ya faili, na moja ya kumwonyesha mtu akiniuliza kwa nini.

Wasalimieni waheshimiwa wake na waume zenu, na watoto wanaoanza shule. Msalimieni mlinzi wa ngazi, Bwana Pruitt, aliyenipa kiti nilipojisikia kizunguzungu nikija kuulizia utaratibu wa kuwasilisha barua hii. Salamu pia kwa mbwa wote wa kaunti wenye leseni halali.

Ni mimi, ninayefanya kazi chini yenu kwa maana zote mbili,

Desmond R. Archuleta
Karani wa majaribio, Dirisha la Tatu

T.B. Nimeisoma tena barua yote kabla ya kuifunga, na kiapo changu cha kazi kinanidai niongeze jambo. Mtaona kwamba hakuna mahali nilipoandika kuwa sijanunua kadi. Niliinunua tarehe kumi na tano Aprili, saa nne na dakika mbili asubuhi, kwenye simu yangu mwenyewe, wakati wa mapumziko ya chai, baada ya kusaini daftari kwamba natoka. Ni ya machungwa. Jedwali nililitengeneza baadaye, nikitafuta kwenye kurasa zile sababu ambayo ningeweza kumweleza mtu bila kutazama chini. Sikuipata, kwa kuwa sababu yenyewe iko dirisha la tano. Kwa hiyo sihitaji tena kuchaguliwa, na naliondoa ombi langu lote, pamoja na suala la kuchimba mlima.

Leo mchana nimekwenda dirisha la tano na kumjibu, tena si kwa maandishi. Alikuwa anagonga muhuri, hakuacha kugonga. Alisema: "Theluji ikianza, saa kumi na moja alfajiri, Desi, na kukiwa giza hivyo hivyo. Ukichelewa dakika mbili nakuacha." Kisha akaniuliza kwa nini kuitaja kadi hiyo kumenichukua miezi minne, nikamwambia ni trei ya juu.

Ningeweza kuondoka na barua yangu hapo na kuitupa. Sikuitupa, kwa sababu utaratibu wa Bodi unasema kila barua iliyopokelewa husomwa kwa sauti mbele ya mkutano wa Ijumaa na Karani wa Kaunti mwenyewe, tangu salamu hadi neno la mwisho, bila kuruka. Nimejaribu mara saba kukuambia uso kwa uso, Bi Haugen, na mara zote saba nimeishia kuomba gundi. Nina gundi ya kunitosha hadi nistaafu.

Basi ndiyo hivyo. Ni ya machungwa, na naona haya kwa ajili ya goti lako, na nimesema. Kama barua ya trei ya juu haitasainiwa, nitaelewa, na nitaliacha dawati likiwa safi. Kama itasainiwa, asubuhi za Hatchet zikifika inchi nane nitakaa kwenye dirisha lako pamoja na langu mpaka saa saba, wewe ukiwa mlimani na dada yako, hata wakija mbwa na wenye hati kwa pamoja, na Bwana Wojcik amekubali kwa shingo upande kukaa nami mara mbili kwa mwezi. Nimemwandikisha. Hakusoma alichosaini kwa sababu alikuwa anakula burito.

Makamishna sasa watakuwa wanakutazama. Tafadhali kunywa maji kidogo, kisha endelea na ajenda inayofuata, ambayo ni mifereji.